Kabla ya Kumpelekea Fundi Rangi Fedha Zako

Ndugu msomaji, kama unalo gari la umri mkubwa, na kama gari hilo hulala karibu na bahari, bila shaka unaijua asubuhi ile ambayo mwenye gari hupitisha kidole juu ya boneti, kidole kikarudi na unga mfano wa chaki ya mwalimu. Hudhani ni vumbi la safarini. Huliosha gari kwa ndoo mbili za maji, nalo likiwa bichi hung'aa kama siku lilipotoka dukani, na moyo wa mwenyewe hufurahi. Baada ya robo saa jua limekwisha kulikausha, na chaki ipo pale pale. Hapo ndipo mwenye gari hufunga safari kwenda kwa fundi rangi; na fundi, kabla hata ya kuligusa gari, humwambia kwamba dawa ni moja tu: kukwangua yote na kupuliza rangi mpya.

Leo katika safu hii nakuomba usubiri kidogo. Si kwamba mafundi rangi ni watu wabaya, la hasha. Mtu husifu kazi aliyojifunza. Nakuomba usubiri kwa sababu aghalabu rangi unayodhani imekufa haijafa. Imefunikwa na ngozi yake yenyewe, na iliyokufa ni hiyo ngozi. Jambo hili sikulisoma tu vitabuni. Nimelifanya kwa mikono yangu huko Kilwa Kivinje, nyumbani kwa mjomba wangu, kwa muda wa siku tatu.

Mjomba ni mwalimu mstaafu. Gari lake ni Peugeot 504 ya rangi ya samawati, alilolinunua mkononi mwa mtu mwingine baada ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, pale msafiri wa kusini alipoacha kungojea kivuko cha Rufiji. Vijana wa leo huenda hawalijui gari hilo. Lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968, na wazee wetu walilipenda kwa springi zake laini na kwa uvumilivu wake katika mashimo. Magari ya jina hilo yalishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975, na tena mwaka 1978. Mjomba huzitaja tarehe hizo mbili kama mtu anayetaja tarehe za kuzaliwa kwa wanawe.

Sasa binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa, na mjomba alikuwa ameazimia kwamba bwana arusi asilete gari la kukodi kumchukulia bibi arusi. Binti angetoka nyumbani kwao kwa gari la kwao. Lakini gari lenyewe lilikuwa limepauka. Boneti na paa vilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na ubavuni mlikuwa na mikwaruzo ya miaka ishirini: matawi ya mikorosho, kucha za paka, na maandishi ya mtoto fulani aliyejifunza herufi kwa msumari. Fundi alikwisha kutaja bei. Sitaitaja hapa, ila ingetosha kununua matairi manne mapya na chenji ikalipia breki.

"Arusi ni ya mtoto, si ya gari," alisema mke wa mjomba.

Mjomba hakujibu. Fedha hizo alikuwa amekwisha kuzitenga katika kiinua mgongo chake, zimefungwa ndani ya bahasha. Nikamwomba, kwa adabu inayompasa mpwa, anipe siku tatu kabla bahasha haijafunguliwa.

Usiku wa kwanza tulikaa barazani, na mjomba akanieleza jambo ambalo hatukufundishwa kabisa katika stashahada ya uandishi wa habari. Babu yake, alisema, alikuwa mchimba sandarusi. Wengi wetu neno hili tunalisikia tu kwa wazee. Sandarusi ni utomvu wa mti wa msandarusi. Utomvu bora kuliko wote haukugemwa mtini; ulifukuliwa ardhini, mahali ambapo misitu ya kale ilisimama na kutoweka, ikauacha utomvu wake umezikwa mchangani hata ukawa mgumu kama jiwe. Bara ya Kilwa na Rufiji ilijaa hazina hiyo. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kilwa mwaka 1859, aliandika habari za biashara ya sandarusi katika kitabu chake cha mwaka 1860. Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani, ambao walikuwa wamefunga mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar mwaka 1833. Wao walileta nguo ya merikani, wakaondoka na sandarusi hadi mji wa Salem, ambako ilisafishwa na kuuzwa.

Na iliuzwa kwa kazi gani? Kwa vanishi. Sandarusi ikiyeyushwa kwa moto mkali na kuchanganywa na mafuta ya kitani hutoa vanishi ngumu, angavu, isiyoogopa mvua. Ilikuwa miongoni mwa vanishi zilizothaminiwa sana kwa magari ya kukokotwa na farasi, na magari ya kwanza ya injini nayo yalipakwa vanishi za namna hiyo mpaka miaka ya 1920, zilipokuja rangi zinazokauka upesi. Masokoni iliitwa sandarusi ya Zanzibar, ingawa mchimbaji alikuwa mtu wa bara upande huu. Basi mng'aro wa magari ya matajiri wa Ulaya na Marekani ulitoka kwa sehemu chini ya mchanga wa mababu wa watu hawa hawa ambao magari yao leo yamepauka. Mjomba aliposema hivyo alicheka mpaka akakohoa.

Lakini kilichonipendeza zaidi katika habari hiyo ni ufundi wenyewe. Wapakaji vanishi wa zamani hawakupaka tu wakaenda zao. Baada ya kila mpako kukauka walisugua kwa unga laini wa jiwe la volkano, lile jepesi ambalo wengine husugulia nyayo, pamoja na maji, mpaka uso ukawa sawa kama kioo. Kwa maneno mengine, kusugua ili kung'arisha ni kazi yenye umri mkubwa kuliko gari la injini.

Sasa tuangalie kinachotokea juu ya boneti. Rangi ya gari ni vitu viwili vilivyooana: unga unaotoa rangi, na gundi inayoushika unga huo. Jua la pwani, hasa miale yake isiyoonekana kwa macho, huivunja gundi kidogo kidogo. Gundi ikikatika, chembe za unga hubaki juu zikiwa hazina wa kuzishika, na ndizo hiyo chaki ya kidoleni. Mwanga ukiupiga uso wa namna hiyo hutawanyika kila upande badala ya kurudi kwa pamoja, nasi tunasema gari limepauka. Chini yake, ambako jua halijafika, rangi ingali hai. Fungua buti la gari lako uone pembeni mwa mpira: rangi ya hapo ndiyo rangi ya gari lako.

Bahari nayo ina sehemu yake. Chumvi inayopeperushwa na upepo hutua juu ya gari, na kwa kuwa chumvi huvuta maji kutoka hewani, gari la Kivinje hulala limeloa hata usiku usio na mvua. Rangi nzima itastahimili. Palipokwaruzika mpaka bati hapastahimili, na kutu itakayoanzia hapo haikai kwenye mkwaruzo; hutambaa chini ya rangi nzima kama mchwa chini ya mkeka.

Kuna jambo moja la lazima kujua kabla hujanunua chochote. Magari ya kale mengi, kama hili la mjomba, rangi yake ya juu ndiyo rangi yenyewe. Magari ya baadaye, na hasa haya ya Kijapani ya miaka ya 1990 na kuendelea tunayoyaona kila mtaa, rangi yake hufunikwa kwa utando angavu usio na rangi, na mng'aro wote umo katika utando huo. Kupima ni rahisi. Chukua kitambaa cheupe, tia dawa kidogo ya kusugulia rangi, sugua mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, huna utando juu. Kikibaki cheupe, au kikatoka na uchafu tu, unao. Cha mjomba kilitoka samawati kama kanga mpya siku ya kufuliwa mara ya kwanza.

Kama gari lako lina utando na utando umefifia tu, njia ni hii hii, ila kwa mkono mwepesi zaidi. Kama utando umeanza kubanduka, yale magamba meupe juu ya paa na boneti kama mgongo wa mtu aliyeungua na jua, basi, ndugu yangu, weka kitambaa chini. Hakuna dawa ya chupa itakayourudisha utando ulioondoka, hata muuzaji aape. Hapo fundi ana haki ya kulipwa, na swali linalobaki ni kama unahitaji gari zima kupakwa au boneti peke yake.

Siku ya kwanza ilikuwa ya maji. Nasisitiza hili kwa kuwa ndipo wengi wanapoharibu. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na kuoshea gari maji hayo ni kulirudishia kile unachokiondoa. Sisi tulitumia maji ya mvua, ambayo mke wa mjomba aliyatoa kwenye pipa lake kwa shingo upande. Anza juu, shuka chini. Mwaga maji mengi kwanza ili mchanga uondoke wenyewe kabla kitambaa hakijagusa, maana mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Usitumie dodoki. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, ambayo ni kali mno na huondoa hata kile kinga kidogo kilichobaki. Na kitambaa kikianguka chini, hakirudi juu ya gari mpaka kimefuliwa. Sheria hiyo mjomba aliisimamia kwa fimbo ya macho, kama alivyosimamia mtihani wa darasa la saba.

Lami iliyorukia milangoni tuliitoa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha tukapaosha papo hapo. Halafu kuna hila moja nzuri. Gari likisha kukauka, ingiza mkono ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, kama ule uliofungiwa mkate, maana mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kisha upitishe kiganja polepole. Utahisi vipele ambavyo mkono mtupu haukuvihisi. Hivyo ni uchafu ulionasa, na hauna budi kutoka kabla ya kusugua, la sivyo utauzungusha juu ya rangi na kuzaa mikwaruzo mipya.

Wakati tukifanya kazi hiyo majirani walipita, kila mmoja na tiba yake. Mmoja alishauri dizeli. Kweli dizeli hung'arisha, kwa siku moja; kisha hushika vumbi lote la mtaa. Mwingine alileta majivu, akasema sufuria za mkewe zinamshuhudia. Sufuria haina rangi, ndugu zangu. Wa tatu alitaja dawa ya meno, naye hakukosea kabisa, kwa sababu dawa ya meno ina unga laini wa kusugua, na kwa alama ndogo yaweza kufaa. Lakini kulipigisha mswaki gari zima la Peugeot kungehitaji duka zima. Mzee mmoja jahazi, aliyefanya kazi ya vyombo tangu ujana wake, alisimama kwa muda mrefu akitazama, kisha akauliza kama hatulipaki sifa. Tulicheka. Hata hivyo nilipotafakari baadaye niliona kwamba hakuwa mbali na ukweli. Sifa, yaani mafuta ya papa, hupakwa mbao za jahazi ili zisikauke na kupasuka, nao wapenzi wa magari ya kale duniani, wakikuta rangi ya zamani imekauka sana, huipaka kwanza polishi yenye mafuta na kuiacha usiku kucha kabla ya kusugua. Tulifanya vivyo hivyo juu ya boneti. Harufu yake, nashukuru, si ya papa.

Siku ya pili ilikuwa ya mkono. Tuliliweka gari kivulini, si chini ya mkorosho, maana mabibo yakianguka huacha madoa, wala si chini ya mnazi kwa sababu isiyohitaji maelezo. Bati likiwa la moto dawa hukauka upesi na kugandamana, kwa hiyo tulianza alfajiri. Kitambaa kizuri kuliko vyote tulivyojaribu kilikuwa kanga iliyofuliwa miaka mingi mpaka ikasahau nakshi yake. Tia dawa kidogo, shika eneo lisilozidi ukubwa wa gazeti lililokunjwa, sugua kwenda na kurudi bila kukamia, futa, tazama. Anza na dawa laini kuliko zote. Ikishindwa, ndipo upande daraja.

Nataka kukueleza nilichokiona baada ya dakika kumi, ingawa huenda utasema mwandishi anatia chumvi. Pale katikati ya boneti palitokea kidirisha cha samawati iliyokolea, na ndani yake palikuwa na wingu, na tawi la mvinje, na uso wa mjomba ukiinama. Alikaa kimya. Kisha akachukua kitambaa cha pili.

Kuhusu mikwaruzo, kipimo ni ukucha. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo polepole. Usiponasa, mkwaruzo huo utaondoka au utafifia kwa kusugua. Ukinasa, usishindane nao. Kuna watu huchukua msasa, nami nakiri kwamba msasa wa namba 2000 uliolowekwa majini waweza kusawazisha mengi mikononi mwa ajuaye. Lakini fikiri juu ya unene wa kitu unachokikwangua. Rangi yote ya kiwandani, tangu bati mpaka juu, ni yapata sehemu ya kumi ya milimita au kuzidi kidogo, kadiri ya karatasi mbili za gazeti zilizobandikwa pamoja. Kila unachosugua hakirudi. Na palipo pembe au mkunjo wa bati, rangi huwa nyembamba zaidi kuliko mahali penginepo.

Hilo la mwisho nililijua. Nilikuwa nimelisoma, na asubuhi ile nilikuwa nimemhadithia mjomba kwa sauti ya mtaalamu. Mnamo saa nane mchana, juu ya madigadi ya mbele ya kushoto, kulikuwa na mkwaruzo mmoja ambao ukucha ulinasa kidogo tu. Nikasema nitaongeza nguvu kidogo. Kisha kidogo tena. Mkwaruzo ulikuwa umepita juu ya mkunjo wa bati, na mimi nilikuwa nimechoka, na kuchoka kuna kiburi chake. Nilipofuta dawa nikaona doa la kijivu ukubwa wa shilingi. Ilikuwa ile rangi ya chini, ya kushikia bati. Gari lililovuka miaka yote hiyo na mashimo yote hayo, mimi nilikuwa nimelitoboa ngozi kwa kanga kuukuu.

Mjomba alikuja akalitazama doa, akanitazama mimi. Alisema, "Mpwa wangu, sasa umefika mwisho wa rangi. Twende tukale."

Baada ya chakula ndipo tulipokuta jambo kubwa kuliko doa langu. Katika gari zima kulikuwa na sehemu moja tu iliyokuwa inang'aa tangu mwanzo: bati la chini ya milango, upande wa kulia. Mmiliki wa kabla ya mjomba alikuwa amelipulizia rangi ya samawati iliyokaribia kufanana, na miaka yote mjomba alilisifu kwa kusema kwamba angalau hapo pamesalimika. Nilipokuwa nikisugua hapo, mkono ulihisi kama kitu kinadunda. Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Bati hulia, hapa palijibu kama ubao. Mjomba akaleta bisibisi, akaisukuma kidogo, nayo ikazama mpaka kwenye mpini.

Tulichokitoa humo kilikuwa puti, kutu iliyokauka kama maganda ya karanga, na, nisameheni wasomaji wangu, gazeti. Gazeti lililosokotwa na kusukumiziwa ndani ya shimo ili kuishikilia puti isianguke. Lilikuwa limelika kiasi kwamba sikuweza kusoma jina lake, na mjomba alifurahi sana kudai kwamba ni letu.

Kisha furaha ikamwisha. Katika gari la aina hii bati hilo si pambo. Ni sehemu ya mifupa. Ndilo linalobeba gari kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kiti cha abiria kimekaa juu yake. Bibi arusi na mashangazi zake wawili wangekaa hapo, na barabara ya kwenda Nangurukuru wangeipita kwa mwendo wa arusi, ambao kila mtu anaujua. Kama bahasha ile ingefunguliwa wiki iliyotangulia, gari lote lingepulizwa samawati mpya, shimo lingepata vazi la pili, na hapana ambaye angeligonga kwa kifundo cha kidole.

Kwa hiyo ukienda kununua gari kuukuu, mashaka yako yawe makubwa zaidi mahali panapong'aa kuliko mahali palipopauka. Gari lililopauka kote kwa usawa limezeeka kwa uaminifu. Beba sumaku ndogo. Juu ya puti nene haishiki. Tazama ukingoni mwa mipira ya madirisha kama kuna ukungu wa rangi, dalili kwamba lilipulizwa bila kufunguliwa.

Bahasha ilifunguliwa siku iliyofuata, lakini si kwa fundi rangi. Ilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, ambaye alikata kilichooza chote na kuweka bati jipya, na kiasi kilichobaki kikalipia breki. Fundi rangi naye, nikiri kwa haki, alikuja mwenyewe kutazama, akacheka kwa doa langu, na akapaka lile bati jipya kwa bei ya kirafiki. Nilimwuliza kwa nini hufunga leso tu puani anapopuliza. Akasema kichujio ni ghali. Rangi za kisasa za kuchanganywa na kigumishi hutoa kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha, na leso haiizuii. Wewe unayelipia kazi hiyo waweza kumnunulia kichujio na kukikata katika hesabu. Hali kadhalika wewe unayesugua rangi ya zamani nyumbani: baadhi ya rangi za miaka hiyo zilitiwa risasi, basi sugua kwa maji ili vumbi lisiruke, waweke watoto mbali, nawa mikono kabla ya kula.

Siku ya tatu ilikuwa ya nta, na ni fupi. Ukisha kuondoa ngozi iliyokufa, rangi iliyo hai imebaki uchi mbele ya jua lile lile na chumvi ile ile. Pasipo nta utarudi kwenye chaki upesi. Paka nyembamba, iache ipige ukungu, futa kwa upande mkavu wa kitambaa. Utajua imekwisha siku ambayo maji ya mvua hayasimami tena kwa matone bali yanatandaa. Na kwa gari la pwani siku hiyo huja mapema kuliko maandishi ya kopo yanavyoahidi. Mjomba ameandika kwenye kalenda ya ukutani, kila baada ya miezi miwili, neno moja: NTA. Mikwaruzo iliyofika kwenye bati tuliisafisha kutu na kuigusa kwa rangi kwa kijiti kilichochongwa ncha. Haipendezi, lakini maji hayaingii.

Maandishi ya msumari ubavuni hayakutoka. Ukucha ulikuwa unanasa. Tulipoyasugua pembezoni yakasomeka vizuri zaidi kuliko mwanzo, na ndipo mke wa mjomba alipoinama, akasoma herufi tatu za kwanza za jina la bibi arusi mwenyewe, akiwa darasa la kwanza.

Arusi ilikuwa Jumamosi. Gari lilitoka Kivinje asubuhi, mikanda ya maua mbele, breki zikishika, na watoto wakakimbia pembeni wakijitazama kwenye milango. Doa langu la kijivu lilikuwa bado lipo juu ya madigadi ya kushoto, kwa kuwa rangi ya kuligusia tuliyochanganyiwa haikulingana, na mjomba alikataa lipakwe mpaka ipatikane inayolingana. Alimpa mpiga picha amri moja tu. Katika picha zote za arusi ile, ndugu msomaji, gari linaonekana kwa upande wa kulia.